Majibu Mapya Juu ya Kadi za Dada Yangu

Anayewajibika ni mwenyekiti wa kituo chetu cha jumuiya hapa Small Heath, na pamoja naye wajumbe wawili wa kamati walioketi naye jioni moja wakabandika karatasi juu ya mali isiyokuwa yao. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu nimefanya kazi ya masjala maisha yangu yote, sehemu ya kwanza Unguja na sehemu ya pili katika ofisi za umma za mji huu wa Birmingham, na nimeona mara nyingi jinsi jambo linavyopotezwa. Watu huanza na maelezo marefu, kisha huja na masikitiko, na msomaji anapofika mwisho hajui tena nani alifanya nini. Mimi nimestaafu kazi. Kuandika mambo kwa mpangilio wake sijastaafu. Majina ya watu siyataji; vyeo vyao vinatosha, na wenyewe wanajijua.

Mali ninayoizungumzia ni sanduku la mchezo. Ni la kadibodi ngumu, ukubwa wa sinia ya chai, na juu ya kifuniko chake imechorwa familia iliyokaa mkekani kuzunguka redio iliyowekwa kwenye kigoda, mama akiwa ameinua kidole kama mtu aliyekwishalijua jibu. Ndani mna ubao wa kukunjwa wenye njia ya vyumba vya rangi, unaoanzia mlango wa studio na kuishia kwenye mnara wa kurushia matangazo. Mna kete za mti zilizochongwa mfano wa redio ndogo, dadu moja, kengele ya mkono, na kadi za maswali, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, yote yamepigwa chapa kwa wino wa buluu.

Mchezo huu ulitokana na kipindi cha chemsha bongo cha redio. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wetu waliozaliwa hapa wanafikiri redio ni kitu kinacholia ndani ya gari. Wakati ule kila wiki vikundi viwili vilikaribishwa studio, mtangazaji akauliza, kengele ikalia, na sisi nyumbani tukajibu kwa sauti kabla ya waliokuwa studio, tukagombana, tukanyamazishana. Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Vikokotoni, mtaa wetu wa Unguja mjini. Walifika fainali na wakashinda. Zawadi ilikuwa sanduku hili, lililotengenezwa na mafundi wa redio ili washindi wakacheze kipindi chenyewe nyumbani. Wenzake waliafikiana likae kwake, kwa kuwa swali la mwisho alilijibu yeye. Alipohamia Uingereza, cherehani aliiacha kwa shoga yake, na sanduku akalibeba mkononi ndani ya ndege kwa kuwa hakuwaamini wapakuaji mizigo.

Sidai kwamba michezo ya namna hii ilianzia kwetu. Waingereza walikuwa nayo kabla yetu, nao waliitoa katika vipindi vyao vya redio vya maswali na majibu. Tangu nistaafu nimekuwa nikiyatafuta masanduku yao katika maduka ya vitu vikuukuu, na rafuni kwangu yapo mawili. Moja lina kipaza sauti cha kadibodi ambacho mchezaji lazima akishike anapojibu; jingine lina gurudumu la karatasi la kuonyesha alama. Yananifurahisha. Yanauliza habari za wake wa wafalme na manahodha wa kriketi, ambao siwajui, wakati letu linauliza ni kiungo gani kinachotokana na ua ambalo halijachanua, nami nimekulia kwenye harufu ya karafuu zilizoanikwa. Lakini kitu ni kile kile: sauti iliyopita hewani jioni moja, ikawekwa ndani ya boksi ili watu waizungukie tena.

Sanduku la dada yangu lilikuja na kanuni za redio, na dada yangu hakuwahi kuruhusu ivunjwe hata moja. Kabla ya kujibu, mchezaji hutaja anatoka wapi, kama walivyofanya wageni wa studio. Kadi huguswa na msomaji peke yake. Mchezaji haitii mkono. Na neno la kadi ni la mwisho. Redioni karatasi ya mtangazaji haikubishiwa, kwa kuwa muda wa kubisha haukuwapo, na mezani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Naomba msomaji azishike kanuni hizi, kwa sababu zote zilitumiwa dhidi ya aliyezilinda.

Alipoanza kuja kituoni, dada aliwaazima sanduku. Aliazima, hakutoa. Nilikuwapo na nililisikia neno lenyewe. Yeye anaishi peke yake Lozells, katika nyumba ndogo iliyo juu ya duka la mboga, na kila Jumamosi alipanda basi hadi mjini na basi jingine hadi Small Heath, amevaa koti la baridi juu ya baibui, akatufikia kabla chai haijachemka. Meza yetu ilikuwa na wazee wa kila upande: akina mama wa Unguja na Tanga, Mkongomani aliyekuwa mwokaji mikate kabla ya magoti yake kumkatalia kusimama, na Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Wajukuu walisimama nyuma ya viti na simu zao.

Ngoja niandike jinsi ilivyokuwa siku njema, ili ijulikane kilichoharibiwa.

Msomaji alikuwa Singasinga. "Kinshasa ni mji mkuu wa nchi gani?"

Dada aligonga kengele kabla swali halijatua. "Kutoka Vikokotoni. Zaire."

"Mama," akasema Mkongomani, "Zaire ilishakufa. Mi nilikuwa kwa matanga yake."

"Kwenye kadi haijafa. Sogeza kete yangu."

"Mi mwenyewe Mkongomani, niko hapa, nakuambia."

"Wewe ni Mkongomani lakini si kadi. Sogeza."

"Voilà," akasema, akiisogeza kete ya dada kwa kidole kama mtu anayelipa faini. "Nimekimbia serikali ngapi, leo natawaliwa na kadi."

Watoto nyuma walikwisha kulipata jibu kwenye simu na walikuwa wakilitaja kwa Kiingereza wote kwa pamoja. Dada aliwageukia. "Nyinyi mna jibu la leo, na ni kweli. Mimi nina jibu la siku tuliyoulizwa. Hapa tunacheza siku ile." Singasinga akacheka mpaka akalegeza kilemba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kamati imelieleza vingine. Dada yangu hakuwa mwanamke asiyejua kwamba dunia imebadilika. Alijua Zaire imekuwa Kongo na Nigeria imehamisha mji mkuu. Anasikiliza habari kila asubuhi akipika uji. Alichokishindania mezani ni kuikumbuka kadi. Alizisoma zote alipokuwa kijana, akazishika, na zimebaki kwake kama sura zinavyobaki kwa aliyehifadhi. Ndiyo maana waliocheza naye walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Sasa naifikia Jumamosi yenyewe.

Mwenyekiti alisema siku hiyo angesoma yeye. Ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa bara, mchapakazi, hilo simnyimi. Kadi zilipangwa vizuri mbele yake. Akauliza mji mkuu wa Nigeria.

"Kutoka Vikokotoni," akasema dada. "Lagos."

Mwenyekiti aligeuza kadi, akaitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Samahani, Bi Mkubwa. Kadi inasema Abuja."

"Kadi inasema?"

"Inasema hivyo."

"Hebu isome tena."

Akaisoma tena. Dada hakunyoosha mkono kuichukua, kwa kuwa kanuni ilikuwa yake. Ikaja kadi ya sayari. Akajibu tisa, kadi ikasema nane. Ikaja ya Kinshasa, ile ile iliyotuchekesha, ambayo siku ile hatukuigeuza kwa kuwa neno la dada lilitutosha, na safari hii hakugonga kengele kwa nguvu. Akasema Zaire kwa sauti ya mtu anayeuliza. Mwenyekiti akageuza, akasema Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hakumtazama usoni.

Mkongomani, ambaye kwa haki ya mchezo ndiye aliyepaswa kushangilia, hakushangilia. "Mama," akasema, "labda umechoka leo."

"Labda," akasema dada. Akaiondoa kete yake kwenye ubao kwa mkono wake, akairudisha sandukuni. "Endeleeni."

Nilimsindikiza. Ndani ya basi alikaa dirishani, mkoba magotini, na tulipofika mjini akanigeukia. Mimi ni mzee mwenye meno ya bandia, lakini kwake mimi bado mtoto, na ndivyo anavyoniita.

"Wewe mtoto, kadi ile ya Nigeria unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Nyuma iliandikwa nini?"

"Lagos."

"Unasema hivyo kwa kuwa nimesema mimi."

Akageukia dirisha. Baadaye akasema, polepole, kama anayelipanga jambo mahali pake: "Naliona neno lenyewe. Naona wino wake. Na kumbe halikuwapo. Sasa mtu akiona kitu ambacho hakikuwapo, huyo ni mtu gani?"

Nilikuwa bado sijui walichokifanya.

Hakurudi kituoni. Haikuwa hasira, ingekuwa hasira ningemshukuru Mungu, kwa sababu dada yangu akikasirika hupona. Alianza kuiacha nyumba yake kitu kimoja kimoja. Aliacha kuwasha gesi, akawa anakula mkate na chai ya birika la umeme, akisema asije akaunguza jengo la watu. Ufunguo akampa mwenye duka chini. Mjukuu wake alipompigia simu alimuuliza kwanza, "Wewe ndiye wewe?" na kijana akacheka akidhani ni utani. Kisha akampigia mwanawe, anayeishi mji mwingine, akamwambia kwa utulivu kabisa: nitafutieni mahali.

Mpwa wangu ni mtoto mwema na mtiifu. Aliambiwa, akatii. Amepata chumba katika nyumba ya kulelea wazee, nje ya mji, mahali safi penye bustani, ambako hakuna hata mtu mmoja atakayemwelewa akisema Kiswahili. Nilipompigia kumpinga alinijibu kwa adabu zote. "Mjomba, sikumlazimisha. Amesema mwenyewe kwamba akili imeanza kumtoka. Nimsubiri mpaka aanguke?"

Hicho ndicho kilichomo mizanini, na naomba kisifunikwe na mabishano ya kadi. Dada yangu anaondoka nyumbani kwake, katika siku chache zijazo, kwa ushahidi alioupata mezani petu kwamba akili yake haimwelezi ukweli tena. Na ushahidi huo ulitengenezwa.

Niliugundua nilipokwenda kuliomba sanduku. Dada alikuwa amesema waachieni wao, nami nikaona lisibaki mahali ambapo mwenyewe hafiki. Nilisimama chumba cha nyuma cha kituo, nikatoa kadi moja, na kidole gumba kikasema kabla ya jicho: ilikuwa nene. Kwa mtu aliyeshika makaratasi maisha yake yote, unene ni habari. Nikaipeleka penye mwanga. Juu ya jibu palibandikwa karatasi yenye rangi ya kadi ile ile, imekatwa kwa mkasi mkali, pembe zimelingana, jibu jipya limechapwa kwa herufi zinazofanana na za zamani. Ilikuwa kazi nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu anayefanya jambo kwa haraka unaweza kumsamehe. Hawa walijaribu wino hadi wakaupata unaofanana.

Niliinua pembe kwa ukucha. Chini yake, kwa buluu: Lagos.

Mwenyekiti alikuwa jikoni akikoroga maziwa ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizi nani kazibandika?"

Aliitazama kadi, akapunguza moto. Hakukana, na hilo nalo naliandika. "Sisi kamati. Tulikaa watatu."

"Kwa idhini ya nani?"

"Mzee, wale watoto walikuwa wakimcheka Bi Mkubwa. Wanatoka hapa wakisema bibi hajui sayari ni ngapi. Mama mmoja kaniambia mwanawe kaandika Lagos shuleni, kapigwa kosa. Tukasema hapana, mtu mzima huyu tumsitiri."

"Mngemwambia."

"Nimwambie mimi?" Alishangaa kweli, si mtu wa kuigiza. "Umri wa mama yangu yule. Nimtazame nimwambie Bi Mkubwa unakosea, mbele ya watoto? Sikulelewa hivyo."

"Kwa hiyo mkaiachia kadi imwambie."

"Kadi si mtu, mzee. Kadi ikimwambia hakuna aliyemvunjia heshima."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na kila mara naona kwamba yangeweza kusemwa na watu wetu tu. Mwingereza angemwambia moja kwa moja, au angenyamaza. Sisi tunafanya kazi ya jioni nzima, kwa gundi na mkasi, ili mkubwa akosolewe pasiwe na aliyemkosoa. Naijua adabu hii. Nimelelewa nayo na sitamruhusu mtu aidharau mbele yangu. Imeokoa nyumba nyingi na ndoa nyingi. Lakini adabu hii ina taratibu zake, na mwenyekiti amelelewa nazo kama mimi. Mkubwa akionekana kakosea, hutafutwa mkubwa mwenzake, akaenda faragha, akaanza mbali, akauliza hali ya miguu, akauliza habari za watoto, akafika polepole. Mkubwa mwenyewe alikuwapo. Nilikuwa nimeketi pale kila Jumamosi nikinywa chai yao. Na lau wangenijia ningewaambia, kabla gundi haijafunguliwa, kwamba mwanamke huyu hajakosea chochote, anacheza mchezo wake kwa kanuni zake, na watoto wakicheka waacheni wacheke, kwa kuwa yeye huwacheka pia.

Nilimtaka aende Lozells siku ile ile akamwambie.

"Sasa tukimwambia si ndiyo tutamuumiza zaidi?" akasema. "Ajue watu walimzunguka. Iache ipite, mzee. Atasahau."

Nilimwambia kwamba hilo ndilo neno ambalo dada yangu analiogopa kuliko kufa, na kwamba kama yeye mwenyekiti hakulijua hilo basi sasa amelijua. Nikalifunga sanduku, nikalitia kwapani, nikatoka nalo. Siku zilizofuata mjumbe mmoja alinijia kunieleza kwamba kamati imekiona kitendo changu kuwa utovu wa nidhamu, kwamba mchezo ni mali ya kituo kwa kuwa uko pale siku nyingi, kwamba majibu mapya yatabaki kwa manufaa ya watoto, na kwamba suala limefungwa. Nilimkaribisha ndani, nikampa kahawa, na nikamjibu kwamba kitendo nimekifanya, nitakifanya tena ikihitajika, na kwamba suala halifungwi na aliyelalamikiwa.

Nilikwenda Castle Vale kwa sababu ya gundi. Huko anaishi Mwingereza mmoja, mzee kama mimi, ambaye hutengeneza na kuuza michezo ya zamani sebuleni mwake; sanduku langu la kipaza sauti lilitoka kwake. Aliipitisha kadi juu ya mvuke wa birika, akaingiza kisu chembamba, na karatasi ikatoka bila kuondoka na wino. Akanifundisha mkono unavyotakiwa kuwa. Tukiwa tunangojea kadi zikauke alinitolea sanduku alilolinunua karibuni, la kipindi cha redio cha enzi za mfalme wao. Nikachagua kadi moja, na kwa bahati ilituhusu: ikiuliza ni nani anayetawala Zanzibar, na nyuma ikijibu, Sultani, chini ya ulinzi wetu.

Nilimuuliza kama hajawahi kufikiria kuirekebisha.

"Kwa nini?" akasema. "Hivyo ndivyo walivyojibu siku ile. Nikiibandika, nitajuaje walikuwa watu gani?"

Nilizaliwa chini ya jibu lile. Neno lao "wetu" linanikera hadi leo, na siku yoyote niko tayari kulijibu kwa hoja na kwa historia. Lakini silitaki liguswe. Anayefuta jibu la zamani hanipi haki yangu. Ananiondolea kitu cha kushikia ninapoidai. Mzee wa Castle Vale, ambaye hakuwahi kufika Afrika, alilijua hilo bila kufundishwa na kamati yoyote, na hakuona kwamba uzee wa jibu ni aibu ya aliyelishika.

Nikaenda Lozells na kadi, nyingine nimezisafisha, nyingine nimeziacha kama walivyozibandika ili azione mwenyewe. Sebule ilikuwa na makasha. Pazia zilikuwa zimeshushwa na kukunjwa. Nilimweleza yote kwa mpangilio, nikaweka birika, nikashika kadi ya sayari juu ya mvuke, nikaibandua mbele ya macho yake. Nane ikatoka, tisa ikabaki.

Alivaa miwani, akaitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi kwa upole ulioniogopesha.

"Umebandika wewe," akasema.

"Dada."

"Umebandika ili ubandue. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulisema wewe ndiye uliyevunja bilauri ya mama, na niliyeivunja ni mimi. Ulichapwa na hukusema."

"Hii si bilauri. Kamati wamekiri. Mwenyekiti kaniambia kwa mdomo wake."

"Kakwambia wewe." Akairudisha kadi mkononi mwangu na kunifunga vidole juu yake. "Kama ni kweli walifanya wao, mbona hawaji kunambia? Watu wazima wana miguu. Lozells si mbali."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema mtu aliyeuliza swali la haki na anayengoja jibu. Akaondoka kwenda kukunja shuka.

Nilikaa pale na kadi yangu iliyolowa, na nikaona kwamba kila nilichoweza kukifanya nimekwisha kukifanya, na hakitoshi, na hakiwezi kutosha. Neno langu halina uzito kwake kwa sababu mimi ni ndugu yake, na ndugu husitiri. Karatasi haina uzito kwa sababu karatasi imekwisha kutumiwa kumdanganya. Mpwa wangu ananisikiliza kwa heshima na kuendelea kupanga gari. Ukweli huu unaweza kutolewa na watu watatu tu duniani, na wote watatu wanaketi kila Jumamosi katika chumba kimoja, barabara chache kutoka nyumbani kwangu, wakinywa chai na kuamini kwamba wamemheshimu.

Nimeshauriwa na wenzangu nisiandike. Wanasema jumuiya yetu ni ndogo, wenyeji wasituone tukigombana, mwenyekiti ana mema mengi, tutazikana sisi kwa sisi. Yote hayo ni kweli na hayabadilishi hata neno moja nililoandika hapa. Jumuiya ambayo haiwezi kumwambia mwanamke mmoja kwamba hakukosea, kwa kuwa kumwambia kutaonyesha nani aliyekosea, haina cha kuwaonea wenyeji aibu zaidi ya hicho.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, namtaka mwenyekiti wa kituo, na wajumbe wawili walioshirikiana naye, wafike Lozells nyumbani kwa dada yangu kabla hajahamishwa, miguu yao wenyewe, bila kutuma mtu. Nawataka wamweleze, kwa maneno yasiyozunguka, nani alilitoa wazo, nani alichapa, nani alikata na nani alibandika, na waseme kwamba majibu aliyoyatoa siku ile yote yalikuwa ndiyo majibu ya kadi zake. Nawataka wayaseme hayo mara ya pili mbele ya mwanawe, na mara ya tatu mezani, mbele ya wote waliomsikia akiambiwa amekosea, watoto wakiwamo. Nawataka waandike katika kumbukumbu za mkutano wa kamati kwamba sanduku ni mali yake, liliazimwa, na liliharibiwa wakiwa wamekabidhiwa. Na wasipofika, nawataka watoe sababu zao hadharani, kwa vyeo vyao, ili ijulikane ni nani aliyeona kwamba ni afadhali mwanamke mwenye akili timamu aondolewe nyumbani kwake kuliko kamati kukiri gundi yake.